Nani Anakusubiri Kesho Asubuhi?

Kila ninapoalikwa kwenye semina ya wastaafu watarajiwa, ratiba huwa karibu ile ile. Siku ya kwanza ofisa wa mfuko wa pensheni anaeleza kikokotoo, na ukumbi mzima unatoa simu kupiga hesabu. Siku ya pili wanakuja watu wa benki, kisha mtaalamu wa mifugo anafundisha kuku wa mayai, kisha daktari anazungumzia shinikizo la damu na kisukari. Mimi hupewa saa ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kukusanya makabrasha yao. Katika saa hiyo huwauliza swali moja: siku ya kwanza baada ya kukabidhi ofisi, saa mbili asubuhi, nani atakuwa anakusubiri? Wachache hutaja mke, mume au mjukuu. Wengi huinamisha vichwa, na ukumbi hunyamaza.

Msimamo wangu, baada ya miaka mingi ya kufundisha watu wazima, ni kwamba kinachomnyong'onyesha mstaafu mapema kuliko umaskini ni kuamka asubuhi akiwa hasubiriwi na mtu yeyote. Kupumzika hakutibu hali hiyo. Mradi ulioanzishwa kwa pupa wiki pesa zilipoingia hautibu pia, na mara nyingi huongeza jeraha. Kinachotibu ni kukubali kuwa mwanafunzi tena, wa jambo lenye watu ndani yake, na kuanza mapema kabla barua ya kustaafu haijafika mezani.

Sidharau pesa. Najua uchungu wa mjadala wa kikokotoo: malipo ya mkupuo yaliyowekwa asilimia 33 mwaka 2022, kisha mwaka 2024 yakapandishwa hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wakipata asilimia 50. Mwalimu aliyepanga kumalizia nyumba yake kwa fedha hiyo ana haki ya kuhesabu kila shilingi. Lakini nimewaona wastaafu wenye nyumba tatu za kupangisha wakififia ndani ya mwaka mmoja, na nimemwona mpishi wa shule, ambaye kiinua mgongo chake hakikutosha hata kuezekea, akichanua. Tofauti yao isingeonekana kwenye daftari la benki.

Ili kuielewa tofauti hiyo, turudi nyuma karibu karne moja, kwenye kijiji cha Marienthal nchini Austria. Kijiji kizima kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda kikafungwa. Mwaka 1931 watafiti vijana, wakiwamo Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld, walikwenda kuona watu wanaishije bila kazi. Mtu angedhani wenye muda mwingi watasoma zaidi na kutembeleana zaidi. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba vilipungua, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imefutwa. Watafiti walisimama mahali wakapima mwendo wa wapita njia: wanaume walijikokota na kusimama mara kwa mara, na wengi walikuwa wameacha hata kubeba saa. Wanawake walitembea haraka kuwazidi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto wa kulisha na nguo za kufua. Ukata ulikuwa wa wote. Ila siku ya mwanamke ilikuwa bado na mifupa, na siku ya mwanamume ilikuwa imebaki nyama tupu.

Jahoda aliendelea kulitafakari jambo hilo maisha yake yote. Alifikia kueleza kwamba ajira humpa mtu mengi nje ya mshahara: inamgawia siku, inamkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, inamuunganisha na lengo kubwa kuliko yeye, inampa hadhi, inamlazimu kutenda. Mshahara una mbadala wake, nao ni pensheni. Hayo mengine hayana mfuko unaoyalipa. Mtumishi aliyeitwa "mkuu" kwa miaka ishirini anaamka siku moja akiwa baba fulani tu mtaani. Simu iliyokuwa ikilia tangu saa moja asubuhi imenyamaza. Anatoka barazani, anasoma gazeti mpaka matangazo ya minada, na saa nne inapogonga siku yake imekwisha ilhali jua halijafika utosini.

Hapa ndipo tapeli anapopata mlango. Tumezoea kusema wastaafu hulizwa kwa sababu ya tamaa au ujinga wa biashara. Sikubaliani. Katika visa nilivyosimuliwa na wahusika wenyewe, tapeli hakuanza kwa kuahidi faida. Alianza kwa kupiga simu kila asubuhi, kuomba ushauri, kumwita mstaafu "mwenyekiti" na kumwambia kikao hakiwezi kuanza bila yeye. Alimrudishia kile kile alichopoteza siku ya kukabidhi ofisi. Fedha zilifuata zenyewe. Anayesubiriwa mahali pa kweli hadanganyiki kirahisi na anayejifanya kumsubiri.

Nimeyaona haya nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa fundi wa injini kwenye karakana ya reli Tabora, mji ambapo reli ya kati inagawanyika, tawi moja likienda Kigoma na jingine Mwanza. Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa miezi saba aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, kupiga pasi shati, kuvaa, kisha kukaa uani na redio mapajani. Treni ilipoingia stesheni alituambia ni injini ipi, kwa sauti tu. Zaidi ya hapo hakusema neno mpaka chakula cha mchana. Mama alikuwa akipita mbele yake kimya kimya kama anayepita kwenye chumba cha mgonjwa.

Mwezi wa nane alikuja kijana mmoja wa mtaani kwetu, rika la mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa akifuga nyuki upande wa Uyui. Bomba lake la moshi, lile la kuwatuliza nyuki wakati wa kurina, lilikuwa limepasuka. Baba alilichomelea, halafu akataka kuona linavyofanya kazi. Wakaenda porini kwa baiskeli. Jioni alirudi jicho moja likiwa limefumba kwa kuumwa. Tukadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata akaenda tena, na kilichotushangaza zaidi ni jinsi walivyoitana. Kijana alimwita "baba", kama ilivyo desturi. Baba naye akamwita "mwalimu", mbele za watu, sokoni na msikitini, bila kutania.

Alijifunza kwa taabu. Msimu wa kwanza alikata masega yenye majana akidhani ni asali, akaharibu kundi zima, na usiku ule hakula. Vidole vyake vizito vya kufungua nati vilivunja nta. Majina ya miti ya miyombo na majira ya kuchanua kwake aliyaandika kwenye daftari la shule na kuyarudia kwa sauti kama mtoto anayekariri. Ila msimu wa pili alisimama kwenye mzinga mmoja, akategesha sikio, akasema, "Huu una shida." Kundi lililopoteza malkia hunguruma kivingine, kwa mlio wa juu usiotulia. Kijana alikuwa akilijua hilo kwa kufungua mzinga na kutazama. Baba alilijua kwa sikio lililosikiliza injini miaka thelathini. Tangu siku hiyo hawakwenda kukagua mizinga bila yeye.

Asali haikumtajirisha. Alikuwa na mizinga tisa tu ya kwake, na nyingi ya asali yake iliishia kwa majirani wenye watoto wenye kikohozi. Lakini siku za kurina kijana na wenzake walikuwa wakimngoja chini ya mwembe wa jirani, na hawakuondoka mpaka afike. Aliishi hivyo miaka kumi na tisa.

Katika kisa hiki nataka msomaji aone vitu ambavyo semina zetu hazivifundishi. Jambo lenyewe lilikuwa jipya kabisa, ila lilipandikizwa kwenye shina la zamani: sikio la fundi. Lilikuja na mtu, halikuja na kitabu cha mpango wa biashara. Halikugusa kiinua mgongo hata senti. Na lilimtaka mtu aliyekuwa bingwa akubali kuwa wa mwisho darasani. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalowashinda wasomi zaidi ya wapishi wa shule.

Kwa nini kupandikiza kunafaa? Mwanasaikolojia Raymond Cattell, na baadaye mwanafunzi wake John Horn, walionyesha kwamba akili ina pande mbili zisizozeeka pamoja. Kuna ile ninayoiita akili ya mbio: kushika jambo geni haraka, kupiga hesabu kichwani, kujibu upesi. Hiyo hufika kileleni ujanani na kuanza kushuka. Kuna akili ya hazina: msamiati, utambuzi, kujua kipi kinaendana na kipi. Hiyo huendelea kuongezeka mpaka umri mkubwa. Mzee anayefundishwa kwa mbio anashindwa, halafu tunasema wazee hawafundishiki. Mzee anayefundishwa kwa kuvuta hazina yake hushika polepole, na akishika haachii. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, hakwenda kutafuta fani asiyoijua mizizi yake. Alikuwa ameshatafsiri tamthilia za Shakespeare miaka ya 1960. Uzeeni akachukua Injili zote nne na Matendo ya Mitume, akazigeuza kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa Ndanda mwaka 1996. Bi Kidude naye alikuwa ameimba na kufundisha unyago miongo mingi kabla ulimwengu haujampa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Ukumbi wa kimataifa ulikuwa mpya kwake, lakini sauti na ngoma zilikuwa hazina yake ya siku zote.

Watu hunijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii naipenda mahali pake, yaani katika malezi ya mtoto. Aliyeitunga hakuwa akizungumzia wazee, na mtu wa pwani anajua kwamba hata ng'onda mkavu kama ubao, ukimloweka, hulainika na kuingia chunguni. Anachohitaji ni maji na muda. Tena taifa hili liliwahi kuamini hivyo kwa vitendo. Mwaka 1964, akizindua mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Nyerere alieleza kwamba lazima tuwaelimishe watu wazima kwanza, kwa kuwa matunda ya kumsomesha mtoto huchukua miaka kuonekana. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kwa takwimu rasmi, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Waliokaa kwenye madarasa ya kisomo, chini ya miti na katika majengo ya shule za msingi jioni, walikuwa wakulima wenye mikono migumu, wengine wakiwa na wajukuu tayari. Sisi ni watoto wa wanafunzi hao. Tumesahau upesi mno.

Nchini Kenya, Januari 2004, Kimani Maruge aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi karibu na Eldoret akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta ada. Aliingia katika kitabu cha rekodi za Guinness, akafika hadi Umoja wa Mataifa, filamu ikatengenezwa. Watu hukumbuka umri wake. Mimi hukumbuka alichokitaka: kusoma Biblia mwenyewe, na kujua kuhesabu fedha zake. Ni shabaha mbili ndogo, za mtu anayejua kwa nini yuko darasani. Na pale shuleni walikuwapo wajukuu zake wawili, mbele yake kimasomo. Maruge alifariki mwaka 2009 akiwa bado hajamaliza shule. Sioni kwamba alishindwa.

Dhana nyingine inayofunga milango ni ile ya hesabu. "Umri wa kuishi Mtanzania ni sitini na kadhaa," mtumishi mmoja aliniambia, "mimi nastaafu na 60, nimebakiza miaka mitano. Nijifunze cha nini?" Wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa, na ndani yake wamo watoto waliofariki kabla ya kutimiza mwaka na vijana waliofia barabarani. Aliyekwisha kufika 60 ameshayavuka hayo, na kwa wastani ana zaidi ya miaka 15 mbele yake. Tupige hesabu. Mwajiriwa hutumia kazini kama saa 2,000 kwa mwaka. Miaka 15 ni saa 30,000 zinazorudi mikononi mwake. Kwa saa hizo mtu anaweza kujifunza ufundi seremala mpaka ukamjua kwa jina, na bado akabaki na nusu yake.

Halafu wapo wanaosema kwa upendo kabisa: mzee, umefanya kazi sana, umekula chumvi nyingi, sasa kapumzike. Watoto wanamzuia baba asishike jembe, wanamnunulia televisheni kubwa. Nia ni njema, lakini ujumbe anaousikia mzee ni kwamba hahitajiki. Ujumbe huo una madhara. Mtafiti Becca Levy na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wazee wa mji mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, waligundua kwamba waliokuwa na mtazamo mwema juu ya uzee wao waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wenye mtazamo hasi. Utafiti mmoja hauthibitishi kila kitu, na maisha ya Ohio si ya Singida. Lakini ukichukua matokeo hayo na kuyaweka karibu na yale ya Marienthal, hutathubutu tena kumwambia mzazi wako akae tu.

Kwa wanawake hali ina sura nyingine, na ninasisitiza kwa sababu semina nyingi huongea kama kwamba kila mstaafu ni mwanamume. Muuguzi anayestaafu anatoka zamu ya hospitali na kuingia zamu ya nyumbani isiyo na mshahara wala likizo. Siku yake ina mifupa, hata mingi kupita kiasi. Wajukuu wanaletwa kutoka mjini, mgonjwa wa ukoo analazwa chumba cha nyuma, na kila mtu anamsubiri. Kagera tuliona hali hiyo ikifika mbali zaidi, UKIMWI ulipochukua kizazi cha kati na kuwaachia bibi malezi ya yatima. Kwa mama huyu, dawa inaanza kwa familia kumwachia saa zake. Saa sita kwa wiki ambazo hazina mtoto, hazina jiko, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Nimewaona wanawake wakizijaza saa hizo kwa kwaya, kwa madrasa, kwa ushonaji, na mmoja kwa kujifunza kuendesha gari akiwa na miaka 61. Kule Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kimewafundisha wanawake wa vijijini, wakiwamo mabibi ambao hawakupata kusoma sana, kufunga na kukarabati mitambo ya umeme wa jua. Wanarudi vijijini kwao wakiwa mafundi, na taa ikizimika wao ndio wanaofuatwa.

Najua pia pingamizi la mwisho: haya ni ya wenye pensheni. Kweli, Watanzania walio wengi, wakulima, wavuvi, mama ntilie, hawamo katika mfuko wowote. Zanzibar imeonyesha njia kwa pensheni jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, na ningependa Bara ifuate. Ila asiye na mfuko naye hustaafu. Anayemstaafisha ni mwili wake. Mkwezi wa minazi hustaafu siku goti linapogoma kupanda. Mzee mmoja wa Bagamoyo alinisimulia kwamba siku ile alilia kuliko alivyolia msibani. Kilichomwinua ni vijana wawili waliotaka kujua nazi ipi iko tayari kwa kuitazama tu kutoka chini. Yeye aliijua hekima hiyo kwa mwili na hakuwahi kuisema kwa maneno, kwa hiyo ilimbidi ajifunze kuisema. Alikuwa anafundisha na kujifunza kwa wakati mmoja. Haikumgharimu hata nauli.

Basi tufanye nini? Kwa mtu binafsi, ushauri wangu ni kuanza miaka mitano kabla, yaani kwenye 55, umri ambao mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari. Chagua jambo moja lenye uhusiano hata mwembamba na kile mikono yako imeshazoea. Mtafute mtu anayelijua, hata akiwa mdogo kuliko mwanao, na umwombe akufundishe. Ukimtafuta aliyekuzidi umri peke yake utachelewa. Jambo hilo liwe na siku maalumu ya wiki na mahali ambapo usipofika utaulizwa. Na kwa mwaka mzima wa kwanza baada ya kustaafu usitie kiinua mgongo ndani yake. Kama ni nyuki, anza na mzinga mmoja. Kama ni uandishi, anza na daftari. Kitabu cha maisha ya Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi kilizinduliwa siku alipotimiza miaka 96, tarehe 8 Mei 2021. Hapakuwa na haraka yoyote.

Pima macho kwanza. Nasema hili kama mwalimu wa watu wazima aliyepoteza wanafunzi wengi bila sababu. Baada ya miaka 40 jicho hupoteza uwezo wa kuona vya karibu, na mtu huacha kusoma, kushona au kutunga shanga akiamini akili imechoka. Mara nyingi kinachokosekana ni miwani ya kusomea. Masikio nayo: mzee anayejitenga darasani huenda hasikii, na anaona aibu kusema.

Kwa waajiri na mifuko, ombi langu ni dogo. Punguzeni siku moja ya kuku na mpeleke wastaafu watarajiwa wakakae na watu waliostaafu miaka kumi iliyopita, wawaulize siku yao inaanzaje. Kwa serikali ombi ni kubwa zaidi. Tunavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, zaidi ya 50, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, kwa ajili ya watu wazima. Tunayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Tunavyo vyuo vya VETA vyenye kozi fupi. Karibu vyote leo vinaelekeza macho kwa vijana, na ninaelewa sababu yake. Lakini kuweka viti vitano kwa watu wa miaka 60 katika kozi ya jioni ya useremala hakumnyimi kijana nafasi, bali kunampa jirani wa benchi mwenye subira.

Na tuige cha Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikosa wataalamu wa kutosha wa kuwahudumia wagonjwa wa sonona katika kitongoji cha Mbare. Alichokuwa nacho ni bibi 14. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine, akawaweka kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573, baadhi yao wakihudumiwa kwa njia hiyo na washauri wa jamii, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 14 tu ya waliokaa kwenye benchi walikuwa bado na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Zanzibar. Ninawaza zaidi kuhusu wale bibi wenyewe: asubuhi, benchi lipo, na kuna mtu ameshakaa upande mmoja akiwatazama wanavyokuja.

Kama barua yako inakuja ndani ya miaka mitano ijayo, nakuomba usisubiri semina. Kabla ya Jumapili, mtaje moyoni mtu mmoja mtaani kwako anayejua kitu ambacho umekitamani tangu ujana. Nenda kwake kwa miguu, mwamkie, mwite mwalimu, na umuulize siku gani uanze.